Kushuka Boylston bila kupotea: mwongozo wa kutumia handaki kongwe la treni mjini Boston

Pembeni mwa bustani ya Boston Common, pale Tremont Street inapokutana na Boylston Street, kuna vibanda vya mawe ya kijivu. Mgeni akiviona hudhani ni vyoo vya umma, au makaburi ya familia fulani ya kitajiri. Ndani yake kuna ngazi, na ngazi hizo zinakushusha kwenye stesheni ya Boylston, iliyoanza kazi tarehe 1 Septemba 1897 pamoja na jirani yake Park Street. Hiyo ndiyo reli ya kwanza ya chini ya ardhi Amerika Kaskazini, na bado inabeba watu kila siku: wanafunzi, manesi, wapishi, na sisi tunaotoka Lowell na vitongoji vingine kuja kutafuta riziki mjini.

Nimeandika mwongozo huu kwa sababu nimechoka kupigiwa simu na watu waliosimama upande usio wao. Sikuwalaumu hata mmoja. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliteremka Boylston, nikagundua nimepitiliza, nikatafuta daraja au kijia cha kuvukia upande wa pili. Hakuna. Nikapanda juu, nikashuka kwa mlango mwingine, nikalipa tena. Ukishika jambo hilo moja tu, kwamba Boylston unachagua upande ukiwa bado barabarani, umeshapata nusu ya mwongozo huu.

Kwanza, majina yanayodanganya

Kabla hujagusa geti, hakikisha unajua unakwenda wapi hasa. Majina ya huku yana mitego. Njia za treni za mjini huitwa kwa rangi, na Boylston iko kwenye ile ya kijani, Green Line, ambayo matawi yake yana herufi nitakazozieleza mbele.

Boylston Street ni barabara ndefu, na stesheni ya Boylston iko upande wake wa mashariki. Ukiambiwa "tukutane Boylston Street, karibu na maktaba kubwa," stesheni yako ni Copley. Ukishuka Boylston utatembea robo saa au zaidi, na mwezi wa kwanza robo saa hiyo katika upepo wa Boston si mchezo. Shuka Boylston kama unakwenda kwenye majumba ya michezo ya kuigiza, Chuo cha Emerson, pembe ya kusini ya Boston Common, au Chinatown, ambayo ni mwendo mfupi kwa miguu.

Mtego wa pili ni Tufts. Hospitali inayoitwa Tufts Medical Center iko katikati ya mji, dakika kumi hivi kwa miguu kutoka Boylston, na ina stesheni yake kwenye Orange Line. Medford/Tufts ni kitu kingine kabisa. Huo ni mwisho wa Green Line upande wa kaskazini, kwenye chuo kikuu, nje ya Boston. Mwenye miadi ya daktari asubuhi akifuata neno Tufts peke yake ataishia kwenye uwanja wa wanafunzi.

Wa tatu unawahusu wengi wetu tunaofanya kazi za uuguzi na usafi hospitalini: Longwood. Treni za herufi D zina kituo kinachoitwa Longwood. Treni za herufi E zina kituo kinachoitwa Longwood Medical Area. Kama karatasi yako ya kazi inasema Longwood Medical Area, panda E. Ya D nayo itakufikisha, ila utamalizia kwa miguu, na siku ya kwanza kazini hutaki kufika unahema.

Nauli

Ninapoandika, safari moja ya treni za mjini ni dola 2.40 kwa mtu mzima, uwe unakwenda stesheni moja au unavuka mji mzima. Watoto wa miaka 11 na chini hawalipi wakiwa na mkubwa wao. Nauli hupanda, kwa hiyo soma kwenye mashine kabla ya kunitolea mimi ushahidi.

Njia nyepesi ni kugusa getini kwa kadi ya benki au simu. Utaratibu huo ulianza tarehe 1 Agosti 2024. Kila mtu aguse kwa kadi yake, na ukianza na simu endelea na simu hiyo hiyo siku nzima, maana kwa mashine, simu na kadi ya plastiki ni vitu viwili hata kama pesa inatoka akaunti moja. Ukichanganya, unaweza kukatwa nauli mpya pale ulipostahili kuunganisha bure. Kwa anayesafiri kila siku, kadi iitwayo CharlieCard yenye pasi ya mwezi ndiyo inayomfaa zaidi.

Jambo linalowachanganya wageni wa Lowell: tiketi ya treni ya kutoka Lowell na nauli ya handakini ni mifuko miwili. Tiketi ya safari moja kutoka Lowell haifungui mageti ya Green Line, na ya wikendi, ile ya dola 10 inayotumika Jumamosi na Jumapili zote, nayo haifungui. Mwenye pasi ya mwezi ya treni hiyo ndiye anayepita kote.

Kufika handakini

Kutoka Lowell unateremka North Station, mwisho wa safari. Usitupe tiketi yako njiani kwa sababu kuna mageti ya kutokea. Fuata alama ya rangi ya kijani kuelekea chini, na siku hizi huna haja hata ya kutoka nje kwenye baridi. Ukiwa kwenye jukwaa la Green Line, tafuta treni inayoelekea Riverside au Heath Street. Zitafuatana Haymarket, Government Center, Park Street, kisha Boylston. Stesheni ya nne, kwa hiyo ukikaa kitini jihadhari usisinzie.

Kutoka uwanja wa ndege wa Logan una njia mbili. Mimi namshauri mwenye mizigo apande basi la Silver Line, SL1, linalopita kwenye kila jengo la abiria. Kupandia uwanjani ni bure, na linakushusha ndani kabisa ya South Station ukiwa umeshavuka mageti, hivyo Red Line nayo unaipata bure. Stesheni mbili tu na uko Park Street. Njia ya pili ni Blue Line kutoka stesheni ya Airport hadi Government Center, kisha Green Line. Hiyo ni haraka pia, lakini inaanza na basi dogo la kukutoa kwenye jengo hadi stesheni, na kwa mtu aliyetoka Nairobi na masanduku mawili, kupanda na kushuka huko ni adhabu.

Herufi nne na maneno mawili

Green Line ni mti. Shina lake ni handaki la katikati ya mji, na upande wa magharibi una matawi manne: B kwenda Boston College, C kwenda Cleveland Circle, D kwenda Riverside, E kwenda Heath Street. Kuanzia Government Center hadi Copley herufi zote nne zinatumia shina moja, kwa hiyo kama unakwenda Boylston kutoka Park Street, panda yoyote inayoelekea magharibi. Baada ya Copley E inajitenga. B, C na D zinaendelea pamoja hadi Kenmore, halafu kila moja inashika njia yake.

Upande wa kaskazini mambo ni tofauti. Ninapoandika, B na C huishia Government Center. D huenda hadi Union Square, na E hadi Medford/Tufts. Ndiyo maana ukiwa North Station utaziona D na E tu. Unayetaka B au C, panda yoyote hadi Park Street ubadilishe hapo.

Kisha kuna maneno mawili yaliyoandikwa kwenye kuta za zamani na kutamkwa na wenyeji: Inbound, yaani kuelekea katikati ya mji, na Outbound, kutoka katikati ya mji. Kitovu cha hesabu hiyo ni Park Street. Ukitoka North Station kwenda Boylston, mwanzo wa safari yako ni Inbound, na ukishapita Park Street treni ile ile, ikielekea kule kule, inageuka kuwa Outbound. Ushauri wangu: achana na maneno hayo. Soma jina la mwisho wa safari juu ya kioo cha mbele cha treni, na ubao wa taa jukwaani.

Boylston yenyewe

Sasa simama juu, kando ya vibanda vya mawe. Usishuke bado. Kila upande wa treni una mlango wake, na chini hakuna njia ya kuvuka kutoka jukwaa moja kwenda jingine ndani ya mageti. Soma bango la mlangoni. Unakwenda Park Street, Government Center, North Station? Huo ni mlango mmoja. Unakwenda Copley, Kenmore, hospitali za Longwood? Huo ni mwingine. Kama una shaka, uliza mtu. Watu wa Boston wana sifa ya ukavu, lakini muulize kuhusu treni uone anavyosimama kukueleza hadi na mambo usiyouliza.

Ukikosea na umeshagusa kadi, usipande juu kulipa tena. Panda treni inayokuja. Kama ni ya kuelekea Park Street, mambo ni rahisi: teremka hapo, shuka ngazi hadi kwenye jukwaa la Red Line chini, kisha panda ngazi za upande wa pili. Utatokea kwenye jukwaa la Green Line la kurudi ulikotoka, na hujatoa senti. Park Street ndiyo sehemu ya kugeuzia. Nimeshaelekeza watu hivyo kwa simu mara nyingi hadi najua idadi ya pumzi watakazovuta wakipanda.

Kwa nini stesheni ikajengwa bila kivuko? Kwa sababu ilijengwa kutatua shida moja tu. Miaka ya 1890 Tremont Street ilikuwa imesongwa na tramu, zikiwa zimepangana pua kwa mkia hadi watu wakatania kwamba ni rahisi kutembea juu ya mapaa yake kuliko barabarani. Mwaka 1894 ikaundwa tume ya usafiri ya Boston, na 1895 wakaanza kuchimba chini ya mhandisi mkuu Howard Carson. Walifukua barabara kutoka juu, wakajenga kuta na paa, kisha wakafukia. Ndiyo maana ngazi za Boylston ni chache ukilinganisha na stesheni za kisasa zinazokushusha kama unaingia kisimani. Barabara iko karibu sana juu ya kichwa chako.

Uchimbaji huo haukwenda kimya. Kando ya Boylston Street, ndani ya Boston Common, kuna makaburi ya zamani yanayoitwa Central Burying Ground. Wachimbaji walikuta mifupa ya watu wapatao 900, ikakusanywa na kuzikwa upya hapo hapo. Na tarehe 4 Machi 1897, miezi sita tu kabla ya kufunguliwa, gesi iliyovuja kwenye mabomba ilijaa katika nafasi kati ya barabara na paa la handaki, cheche za tramu zikaiwasha, na pembe yote ya Tremont na Boylston ikalipuka. Watu waliokuwa wakipita walikufa. Ukisimama juu ukisubiri taa ya kuvuka, umesimama pale pale.

Tuendelee. Ukiwa jukwaani utaona kwamba nafasi ni kubwa kuliko treni zinazoitumia. Stesheni ina njia nne za reli lakini abiria wanatumia mbili. Zile nyingine zilikuwa za tramu zilizotokea kusini kupitia mlango wa Pleasant Street, uliofungwa 1962. Kwa miaka mingi nyuma ya uzio yaliegeshwa mabehewa ya kizamani, na watoto waliwaomba wazazi wao waingie ndani. Kuangalia ni ruhusa, kuvuka uzio si ruhusa.

Hapa treni za herufi zote zinasimama kwenye reli moja, moja baada ya nyingine. Kwa hiyo usiruke ndani kwa sababu tu milango imefunguka. Tazama herufi. Anayekwenda Longwood Medical Area akapanda C atashangaa anaona Beacon Street na maduka ya Brookline.

Halafu kuna kelele. Mara tu ukitoka Boylston kuelekea Arlington, reli inakata kona kali, karibu ya pembe mraba, kutoka chini ya Tremont kwenda chini ya Boylston Street, maana handaki lilifuata barabara zilivyo. Mabehewa yana kiungo katikati yaweze kujikunja, na bado chuma kinalia juu ya chuma. Shangazi yangu alipokuja kututembelea alinishika mkono.

"Mwanangu, kuna kitu kimekatika?"

"Hapana, Shangazi. Ni kona."

"Kona gani inalia kama mbuzi wa Idi?"

Abiria wengine hawakuinua hata macho kwenye simu zao. Mwenye mtoto mchanga amzibe masikio mapema. Na usiposimama umeshika bomba, kona hiyo itakuketisha kwenye mapaja ya mtu.

Wenye viti vya magurudumu, vigari vya watoto na masanduku

Boylston haina lifti. Hakuna namna ya kuipamba habari hiyo. Anayetumia kiti cha magurudumu, mzee wa magoti, au mama mwenye kigari na mtoto amelala, asipange kushuka wala kupandia hapa.

Tumia Park Street au Arlington, zote zina lifti. Kutoka Park Street hadi pembe ya Boylston ni kama mita 400 kwenye tambarare kando ya bustani, dakika tano hadi kumi kulingana na mwendo wako. Park Street pia ina njia ya chini kwa chini ya kwenda Downtown Crossing ilipo Orange Line, jambo la kujua siku ya theluji.

Tazama pia behewa lenyewe. Kuna yenye ngazi za ndani na kuna yenye sakafu ya chini. Mara nyingi treni huunganisha moja la kila aina, kwa hiyo likija mbele lenye ngazi, tembea hadi la pili.

Ukitoka juu ya ardhi

Ndani ya handaki treni husimama kila stesheni. Zikishatokeza juu, kwa mfano B kwenye Commonwealth Avenue au C kwenye Beacon Street, zinakuwa kama basi: bonyeza ukanda wa kuomba kushuka, la sivyo dereva anaweza kupitiliza kituo kisicho na mtu. Ukipandia huko hakuna geti. Gusa kadi kwenye kifaa kilicho ndani ya treni.

Siku ya marathoni

Jumatatu ya tatu ya Aprili yafuta nusu ya niliyoyasema. Mstari wa kumalizia uko Boylston Street, karibu na maktaba, na stesheni yake, Copley, hufungwa siku hiyo nzima. Shuka Arlington, au Boylston yenyewe, utembee kuelekea magharibi. Mitaa utakayoikata imepangwa kwa alfabeti: Arlington, Berkeley, Clarendon, Dartmouth, Exeter. Umati utakuzuia kabla ya Exeter.

Kama wewe ni mkimbiaji, asubuhi mabasi ya kwenda Hopkinton, mbio zinapoanzia, hupakia kwenye Boston Common, na hapo ndipo Park Street na Boylston zinapofaa kuliko stesheni nyingine zote.

Huu ni mtaa ambao sisi tuna historia nao. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimpita Juma Ikangaa wa Tanzania kwa sekunde moja na kuwa Mwafrika wa kwanza kushinda Boston. Ikangaa alimaliza wa pili mwaka huo, na uliofuata, na uliofuata tena. Mwaka 2025 Mtanzania mwingine, Alphonce Simbu, alikuja wa pili nyuma ya Mkenya John Korir. Usije kuanzisha ubishi huo ndani ya treni iliyojaa, kuna Watanzania wengi kuliko unavyofikiri.

Kurudi nyumbani

Kutoka Boylston kwenda North Station, shuka kwa mlango wa upande wa Park Street na usubiri treni iliyoandikwa Union Square au Medford/Tufts. Ikija iliyoandikwa Government Center unaweza kuipanda, lakini itakutoa nje mwisho wake ulipofika, na utasubiri nyingine jukwaani hapo hapo bila kulipa.

Treni za handakini huendelea hadi karibu saa saba usiku, lakini ya Lowell haina kawaida ya kukungoja. Angalia saa ya treni ya mwisho ya Lowell kabla ya kuingia kwenye sherehe, si baada ya kutoka. Na kwa kuwa simu yako huenda inasoma saa za Kizungu huku kichwa kikihesabu za Kiswahili, andika yote mawili kwenye karatasi: 11 usiku ya Marekani ni saa tano yetu. Kuna ndugu mmoja alilala kwetu Lowell wiki nzima akiamini ile 11 ilikuwa alfajiri.